Chokaa Niliyoiteremsha Bondeni

Mliponiaga ofisini nikistaafu, mlinipa kofia, kiti cha kukunja na ombi moja: niandike kurasa chache juu ya udongo wa bonde la Ruzizi, ule wenye chokaa ya asili, na jinsi mbolea na madini tunayouongezea yanavyofanya kazi ndani yake. Kofia ninaivaa. Kiti kimeshajikunja mara mbili nikiwa nimekikalia. Ombi nimelichelewesha kwa miezi, wala si kwa kukosa maneno, maana mnanijua. Siwezi kuandika juu ya udongo ule bila kumwandika Adela, na juu ya Adela nimenyamaza karibu maisha yangu yote ya kazi.

Siku yangu ya kwanza nilifika kazini na shati jeupe na tai. Mzee Kashindi, fundi wa maabara yetu ndogo hapa Uvira, alinitazama kutoka juu hadi chini, akanipa chekecheke na gunia la udongo mkavu, akasema nipepete. Ilipofika saa sita sikuwa na rangi ya kuitaja kwa vumbi. Yeye alikuwa amekaa pembeni anaosha vichupa, akiimba wimbo wa kanisani kwa mluzi. Sikusikia neno la pole.

Wiki hiyo hiyo alinionyesha kile kichupa. Nyinyi mmekiona mezani pangu miaka yote: kioo cha rangi ya kahawia, kizibo cha mpira chenye bomba la kudondoshea, ndani asidi iliyopunguzwa makali kwa maji. Unachukua udongo wa kujaza kijiko, unadondosha matone matatu, unatazama. Ukikaa kimya, hauna chokaa ya kukutisha. Ukitoa povu kidogo, uangalie. Ukichemka, umekutana na udongo wa chokaa, na mengi uliyojifunza shuleni uyaweke kando kwanza.

Mzee Kashindi hakuwa anatazama tu. Alikuwa anainamisha kichwa, anasikiliza.

"Leta sikio," aliniambia. "Povu kidogo jicho inaweza kuikosa. Sikio haiikosi."

Nikasikia. Sauti ndogo ya kuungua, kama mafuta yanapoanza kupata moto.

"Weye unapenda kusema mbele ya kupima," akasema. "Ile iko maladi yako, ugonjwa yako. Minye nimeiona siku ya kwanza, kwenye tai."

Kichupa hicho kilinipa heshima mahali nisipotarajia. Siku moja nikiwa njiani kwenda mashambani, vijana wenye bunduki waliokuwa wamefunga barabara walikikuta mkobani, wakataka nikinywe ili kuonyesha kwamba si sumu. Nikawaomba waniruhusu nidondoshe tone moja tu kwenye ukuta wa kibanda chao, uliopakwa chokaa. Ukuta ukatoa povu. Wakarudi nyuma wote, mkubwa wao akaniambia niende haraka na uchawi wangu. Nilikisimulia kisa hicho kwa miaka mingi, na watu walicheka kila mara. Neno lile la uchawi sikulifikiria wakati huo.

Miaka yangu ya kwanza ilikuwa ya milimani. Udongo wa kule juu ni mchachu, mvua imeosha kila kitu, na karanga zilikuwa zinabeba maganda matupu. Unang'oa shina, maganda yapo, unapasua, ndani hewa. Karanga hujaza punje kwa kalisi, madini yaliyomo kwenye chokaa, ambayo huingia moja kwa moja kwenye ganda likiwa chini ya ardhi, na kule kalisi haikuwepo. Tulipandisha chokaa kwa lori, halafu mgongoni. Msimu uliofuata maganda yalijaa. Akina mama waliyapasua mbele yangu, wakanilisha punje mbichi mkononi mwao, wakaniita Papa Chokaa. Nilikuwa kijana. Jina lile liliniingia kichwani, nami nikadhani nimeielewa karanga.

Kazi ya milimani ilipoisha, mifuko kadhaa ya chokaa ilibaki. Shefu wangu wa wakati huo alisema isikae ghalani ikanyeshewa na kuganda, niiteremshe bondeni niwagawie wakulima wa karanga. Kusema kweli hakunilazimisha. Nilifurahi. Nililiona lile jina langu likishuka mlima pamoja nami.

Huko bondeni, upande wa Kiliba, walikuwepo Papa Nyota, mkewe Mama Nyota, na Adela, dada yake Papa Nyota. Adela alifiwa na mume kabla ya kupata mtoto, akarudi kwao, na kaka yake akamkatia kipande cha shamba kando ya kile cha mkewe. Kati ya vipande viwili kulikuwa na mstari mmoja wa jembe, wa upana wa unyayo. Mawifi wale walilima pamoja: asubuhi wote kwa Mama Nyota, jua likipanda wote kwa Adela, wakigombana kwa sauti ambayo mpita njia angeweza kudhani ni ugomvi kweli. Walikuwa wakila kwenye sahani moja. Nawaambia hivyo ili mjue kilichovunjika.

Nilipofika na mifuko, Mama Nyota alipokea kwa mikono miwili. Adela alikataa.

"Ile unga yenu minye sitaki," alisema. "Shamba yangu inakulaka mavi ya mbuzi. Haijanililia njaa."

"Mama Adela, kule milimani karanga zimejaa sababu ya hii," nikamjibu.

"Kule iko kule." Kisha akautazama mkoba wangu. "Na ile kachupa yako ya kuchemsha udongo? Mwaka jana ulitia kwa jirani. Leo haukuleta?"

Nilikuwa nacho. Kilikuwa kinanigonga ubavuni. Lakini watu walikuwa wamekusanyika, Mama Nyota ameshafungua mfuko wa kwanza, na mimi ndiye Papa Chokaa. Nikasema, "Haina haja." Ndivyo nilivyosema. Ingenichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Mvua ya msimu ule ilikuwa nyingi. Karanga ziliota vizuri pande zote mbili. Baada ya wiki chache, kwa Mama Nyota majani machanga ya juu yakaanza kuwa ya manjano, mishipa ikibaki kijani, halafu mishipa nayo ikafifia, na mwisho majani yakawa karibu meupe. Kwa Adela, ng'ambo ya mstari wa jembe, majani yalipauka kidogo na kuendelea kukua. Ukisimama barabarani uliona rangi mbili zimekatwa kwa wembe.

Hapa ndipo niwape lile mliloniomba. Udongo wa bonde si maskini. Chuma imo, zinki imo, fosfora imo. Ila chokaa ikizidi, udongo unafunga stoo na kuficha ufunguo: chuma inageuka kutu isiyoyeyuka, na fosfora inashikana na kalisi ikawa kama punje za jiwe, mizizi inapita karibu nayo na njaa yake. Maji yakituama ni vibaya zaidi. Ukiuongezea udongo huo chokaa nyingine, au hata majivu ya jikoni na ya kukaushia samaki ambayo akina mama wa pwani hupenda kumwaga shambani, unaufunga mara ya pili. Na karanga ni mmoja wa mimea ya kwanza kulia. Kule mlimani ilinililia ikitaka chokaa, bondeni ikanililia ikiikataa, nami nilijua lugha moja tu.

Mama Nyota aliponiita, nilikwenda peke yangu adhuhuri, watu wakiwa majumbani. Nikachimba kijiko cha udongo, nikadondosha. Tone la kwanza lilichemka kabla sijavuta mkono. Nikavuka mstari, nikachimba kwa Adela, chini, mahali ambapo chokaa yangu haikufika. Ukatoa povu pia. Basi udongo wote ulikuwa na chokaa yake tangu mwanzo, na Adela alikuwa anaulisha samadi, ambayo huilegeza ile chuma na kuishikilia hadi mizizi ifike. Nilikaa chini palepale. Nilielewa kila kitu, na nikaona aibu.

Siku mbili baadaye ukoo ulikaa kikao uani kwa Papa Nyota. Nikaitwa. Nilidhani wataniuliza juu ya mifuko yangu, na nilikuwa nimeandaa namna ya kujitetea. Hawakuniuliza hilo. Watu wa kule hawakufikiri kwamba kitu cha ofisi, kilicholetwa na mtu aliyesoma, kinaweza kuua shamba. Walifikiri juu ya mtu aliyekikataa. Adela peke yake alikataa unga, na shamba la Adela peke yake lilikuwa kijani. Basi alijua kitu. Basi alifanya kitu. Mjane asiye na mtoto, anamwonea wifi yake wivu wa watoto: kila mmoja alikuwa na kipande chake cha kuongezea.

Papa Nyota hakuwa mtu mbaya. Alinigeukia akiwa na macho mekundu.

"Papa agronome, weye njo ulisoma. Ile majani ya manjano iko maladi ya shamba, ao iko muntu?"

Nilikuwa na mashamba mengine kadhaa bondeni yenye chokaa yangu. Nilikuwa na shefu, na jina. Nilimtazama Adela, naye alikuwa ananitazama mimi, kwa sababu nilikuwa mgeni pekee pale na hakuwa na mwingine wa kumtegemea.

"Hii," nikasema, "minye sijaionaka."

Sikumshitaki. Kwa miaka mingi nilijipoza kwa hilo, kwamba sikumtaja. Lakini msomi aliposema hajawahi kuuona ugonjwa huo, walibaki na jibu moja tu. Mama Nyota alianza kulia. Papa Nyota akamwambia dada yake atoke kwenye ardhi yake kabla jua halijazama.

 Adela aliingia ndani, akatoka na furushi la nguo na kikaango.

"Basi minye naenda," alisema. "Mbuzi zangu mutazipa maji."

Msimu uliofuata nilirudi kwa Mama Nyota na maelekezo mapya, kimya kimya. Mkate majani makavu, mchanganye na samadi ya mbuzi, muiache ioze vizuri, muitie kwenye mashimo. Mbolea ya fosfora isirushwe, iwekwe kidogo karibu na mbegu ili mizizi iifikie kabla chokaa haijaikamata. Salfeti ya amonia badala ya majivu, kwa kuwa inachachua kidogo pale inapokaa. Mfereji wa kutoa maji. Yote ni sahihi, na yote myafuate. Samadi yenyewe ilitoka kwa mbuzi wa Adela. Misimu miwili ikapita, karanga zikarudi kijani.

"Unaona?" Papa Nyota aliniambia, akifurahi kweli. "Tangu alitoka, shamba imepona."

Nikaitikia kwa kichwa. Kazi yangu nzuri kuliko zote bondeni ikawa ushahidi dhidi ya Adela.

Nilimweleza mtu mmoja tu, Mzee Kashindi, alipokuwa anaumwa ugonjwa uliomchukua. Nilidhani atanifariji. Alisikiliza na kichwa kimeinama, vilevile alivyokuwa akisikiliza udongo.

"Udongo ilikuambia," akasema mwishowe. "Weye njo haukuambia bantu."

Akageuka ukutani. Hakuninyima mkono wake siku ile, lakini hakuzungumza nami tena juu ya kazi.

Adela alipata chumba Kilibula, mtaa wa hapa Uvira. Alikuwa anakaanga karanga kwenye mchanga wa moto na kuziuza kando ya barabara, karanga za kununua, yeye aliyekuwa akilima. Mimi ninakaa Kimanga, na pikipiki ilikuwa inanipitisha mbele yake karibu kila siku ya kazi. Nilikuwa nanunua. Alinifungia kwenye karatasi, akaniongezea kiganja kimoja juu, matabisi, akaniuliza habari za mvua ya bondeni. "Na kule, zimeota?" Nilijibu zimeota. Niliwahi kufungua mdomo, zaidi ya mara moja. Kila mara palikuwa na mteja mwingine, au nilimtafuta mteja mwingine ili nisiseme.

Papa Nyota alipofariki nilikwenda mazikoni. Adela alisimama barabarani, mbali, mikono imeshika kitenge kichwani. Walikuwa wamempelekea ujumbe asikaribie kaburi. Akamlilia kaka yake kutoka pale, peke yake, na mimi nilikuwa ndani ya mstari wa watu wenye kutupa udongo, nikarusha kiganja changu. Ule udongo niliujua vizuri kuliko yeyote aliyekuwepo. Sina la kujitetea hapo.

Basi, kustaafu. Mtu asiye na mahali pa kwenda asubuhi hana tena mteja wa kumzuia. Mwezi uliopita niliweka kichupa mfukoni na udongo wa bondeni kwenye kopo, nikaenda Kilibula kwa miguu. Adela ni mzee sasa, moshi wa kikaango umemla macho. Nilikaa kwenye kigogo chake, nikamweleza yote kuanzia mifuko hadi "sijaionaka". Kisha nikamwomba alete sikio, nikadondosha matone matatu.

Alisikiliza mpaka sauti ikaisha.

"Njo hii tu?" akauliza.

"Njo hiyo, mama."

"Na weye ulijua mbele ya kikao."

"Siku mbili kabla."

Alikoroga mchanga kwa muda. Nilisubiri anitukane, na ningemshukuru.

"Minye nilijua sikuloga," akasema. "Leo haujaniletea kitu. Peleka kule."

Kesho yake nilikwenda bondeni. Mama Nyota alikuwa anachambua mboga. Nilirudia maneno yaleyale, nikadondosha tena kwenye shamba lake mwenyewe.  Alinyanyuka, akachukua jembe, akaingia shambani na kung'oa karanga, shina kwa shina, akazijaza kwenye kapu zikiwa na udongo wake. Kisha akasema, "Nipeleke."

Tulipanda pikipiki mbili. Yeye mbele, kapu mapajani, na mimi nyuma yake nikila vumbi lake njia nzima.

Adela alimjua kwa hatua kabla ya kumwona. Hakusimama. Mama Nyota alipiga magoti kwenye mchanga wa barabara, watu wakipita, akaliweka kapu kati yao.

"Wifi," alisema. "Wifi, nisamehe. Tulikuuwa ukiwa muzima."

Adela aliinua shina moja, akalipapasa, akalinusa. Akapasua ganda kwa kidole gumba, akaihisi punje ndani, akairudisha kapuni bila kuila.

"Mustari yetu iko bado?" akauliza.

Mama Nyota hakuelewa mara moja. Mimi nilielewa.

"Ule wa kati," Adela akasema. "Wa jembe. Kipande yangu inaishia wapi sasa?"

Mama Nyota alifunika uso kwa kitenge.

"Tuliulima," akajibu. "Siku nyingi. Hata minye siwezi tena kukuonyesha."

Adela akatikisa kichwa polepole, akarudia kukoroga karanga zake ili zisiungue. Mama Nyota alibaki pale amepiga magoti, nami nikabaki nimesimama, na hakuna aliyetuambia tukae.

Nimekiacha kichupa kwenye droo ya chini, kushoto, ofisini kwenu. Asidi iliyobaki haijai kizibo. Mtachanganya nyingine, kipimo chake nimekiandika kwenye karatasi iliyobandikwa. Dondosheni kabla ya kufungua mfuko wowote. Na yule mama atakayewauliza kama mmekileta, hata kama wanaomsikiliza ni wengi, mjibuni kwa kukitoa mkobani.